Kisima cha Nusu kwa Nusu

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na watoto wawili wa Filomena wote wana vipara. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania nina upendeleo. Kuzma ni mkubwa, Bartul ni mdogo, na tangu baba yao azikwe sijaona siku ambayo mmoja alimpita mwenzake kwa ujinga hata kwa upana wa kidole.

Mimi naitwa Palmina. Nyumba yangu inatazamana na yao, na kichochoro kilicho katikati ni chembamba kiasi kwamba nikinyoosha mpini wa ufagio naweza kugonga dirisha lao. Nimeshagonga mara nyingi tu. Nyumba yao ilikuwa moja: paa moja la mawe linalopakwa chokaa kila baridi inapokwisha, ua mmoja, na chini ya ua kisima kimoja cha mvua. Kisiwani kwetu hakuna mto wala chemchemi. Tuna mawe, mizeituni, mizabibu na midomo. Kwa hiyo wazee walijenga nyumba zinazojua kunywa. Mvua hupiga paa, hushuka kwenye gata pembeni mwa paa, huingia katika shimo lililochongwa mwambani na kukandikwa chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa. Ukiwa na paa safi na kisima kizima, huna wa kumpigia magoti, si serikali wala jirani.

Baba yao alipofariki, ndugu wakagawana. Kwetu kugawana ni kama ibada. Mzeituni mmoja waweza kuwa na wenyewe watatu, kila mtu na tawi lake, na ole wako uokote zeituni lililoanguka chini ya tawi la shemeji. Lakini hawa wawili walipitiliza. Walipandisha ukuta katikati ya sebule. Meza ya kulia waliikata kwa msumeno, kila mmoja akaondoka na nusu yenye miguu miwili, akaiegemeza ukutani ili isianguke. Mama yao naye wakamgawa: miezi ya baridi kwa Kuzma, miezi ya joto kwa Bartul. Kila zamu ilipobadilika, Filomena, mwanamke wa miaka themanini na minane, alitoka mlango wa kushoto na kiti chake mkononi akaingia mlango wa kulia, na hakuna aliyempokea hicho kiti, maana kila mmoja aliona kukibeba ni kazi ya mwenzake.

Kisima tu ndicho kilichobaki kizima, kwa sababu maji hayashiki msumeno.

Wahenga husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima, nikavuna, nikakamua na zeituni, bado wanagombana. Na safari hii walikuwa wanagombania maji. Bartul alikuwa amegeuza vyumba vyake vya juu kuwa vya wageni, akafunga pampu kisimani ili wageni waoge mvua. Kuzma alikuwa na nyanya nyuma ya nyumba, na nyanya zile alizipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote ninayemjua. Maji ya bomba yapo, yanatoka bara yakipita chini ya bahari. Lakini yanalipiwa, na mwezi wa Agosti kisiwa kinapofurika wageni, bomba hukohoa hewa tu.

Mazungumzo yao niliyasikia nikiwa jikoni. Sikuhitaji hata kusogea dirishani.

"Nyanya zako zinakunywa kuliko ng'ombe," Bartul alisema.

"Na wageni wako wanaoga mara ngapi? Wanakwenda baharini, wanaoga. Wanatoka baharini, wanaoga. Wana nini, ukurutu?"

"Wageni wangu wanalipa."

"Wanakulipa wewe. Wanaoga maji yangu."

"Yako yapi? Yameandikwa jina?"

"Nusu."

"Haya, chota nusu yako uende nayo."

"Nitaijuaje, nawe una pampu inanyonya mchana kutwa?"

Filomena alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake, anamenya maharage. Hakuinua kichwa. "Mvua hainyeshi nusu," alisema. "Mazuzu nyie."

"Mama, haya ni mambo ya sheria," Bartul akamwambia.

"Nilizaa wanasheria nisijue."

Hapo ndipo Kuzma alipotoa wazo lake, na Bartul akalikubali papo hapo, na mimi nikajua kuna balaa, kwa maana wale wawili hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lenye akili. Wazo lilikuwa kujenga ukuta ndani ya kisima. Kutoka sakafu mpaka juu, katikati kabisa, upande huu maji ya Kuzma, upande ule maji ya Bartul. Gata igawanywe, na mdomo wa kisima, ambao ni duara la jiwe lililochakaa kwa kamba za ndoo za vizazi na vizazi, utengwe kwa kipande cha bati ili kila mtu awe na nusu yake ya kuchotea.

Kazi ilifanywa mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamebaki ya kufika magotini. Waliyatoa yote wakayatia kwenye mapipa, nusu kwa nusu, huku wakichungulia mapipa ya mwenzao. Fundi aliletwa kutoka bara na mashine ya kutoboa, kwa sababu ukuta ulihitaji nondo za kuushika, na nondo zilihitaji mashimo sakafuni.

Filomena alisimama pale juu akishika fimbo yake. "Msitoboe chini," alisema. "Jengeni upumbavu wenu, lakini chini msiguse."

"Mama, siku hizi kuna saruji maalumu," Kuzma alisema.

"Baba mkwe wangu alikipiga kisima hiki chokaa akiwa amepiga magoti. Mimi nimeteremka humo kila mwaka nikiwa na ufagio na mimba. Hakuna aliyewahi kugusa pale kwa chuma."

"Ndiyo maana mlikuwa masikini," Bartul akasema, na wote wawili wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka pamoja tangu wakiwa wadogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawa walivunja la nyumba nzima. Mashine ikalia mchana kutwa, sahani zangu zikatetemeka kabatini.

Kisha kukawa na suala la mkunga. Kila kisima kisiwani kina mkunga wake, samaki mmoja mrefu kama nyoka, anayekula viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine ili maji yabaki masafi. Haliwi, hauzwi, hata jina hapewi, lakini mtu akikuuliza habari za nyumbani humtaja na yeye. Mkunga wa kwao alikuwa mzee, mnene kama mkono wa mtu. Wakati wa ujenzi alikaa kwenye beseni la kufulia. Ukuta ulipokwisha, Kuzma akambeba beseni zima akammiminia upande wake.

"Huyo ni wa nyumba," Bartul alisema.

"Nyumba ipi?"

"Mimi nitakaa na mbu?"

"Kamata wako. Bahari hiyo."

"Wa bahari si huyo. Huyo alikuja na baba."

Walibishana mpaka jua likapungua. Mwisho wakaamua kama walivyoamua kwa mama yao: miezi ya baridi kwa Kuzma, miezi ya joto kwa Bartul. Filomena alinitazama kule dirishani nilikokuwa nimeegemea bila haya.

"Umesikia, Palmina? Mimi na samaki tuna zamu moja."

"Angalau mtahama pamoja, mama," nilimjibu. "Mtasaidiana mizigo."

Alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani.

Sasa, kila mtoto wa kisiwa hiki anajua kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi si ya kunywa. Ni ya kuosha paa. Unachomoa bomba la gata kwenye kisima, unaacha maji yakimbilie kichochoroni na vumbi lake, na mavi ya mbayuwayu, na chochote upepo ulichoacha juu. Paa likishang'aa, unarudisha bomba, na kuanzia hapo kila tone ni lako la kunywa. Hata mlevi wa kijiji hukumbuka. Mvua ya kwanza ikianza utasikia mabomba yakichomolewa nyumba hadi nyumba, na vichochoro vyote hugeuka mito myeusi.

Mwaka huo ilianza alasiri, mawingu yakitoka kusini, matone makubwa yanayonuka mawe ya moto. Nikakimbia nikachomoa bomba langu. Nilipogeuka niliwaona Kuzma na Bartul wamesimama uani kwao, kila mmoja ameshika bomba lake, kila mmoja anamtazama mwenzake. Hawakuchomoa.

"Chomoeni," nikawaambia. "Mnangoja nini?"

"Achomoe yeye kwanza," Kuzma alisema.

"Mimi nichomoe, yeye ajaze?" Bartul alisema.

"Hayo ni mavi ya ndege, jamani."

"Ni mavi ya paa la wote," Bartul alisema. "Nikiacha, yataenda kwake."

Watu wazima. Mmoja ana wajukuu. Walisimama pale wakilowa mpaka kwenye soksi, wameshika mabomba, na uchafu wote wa kiangazi ukaingia kisimani, nusu kwa nusu, hakuna aliyedhulumiwa. Filomena alikuwa mlangoni kwa Kuzma. Alifunga mlango taratibu, kama unavyofunga chumba cha mgonjwa.

Mvua ikanyesha juma zima. Kisima changu kilifika kifuani. Kwa kawaida cha kwao hujaa haraka kuliko changu, maana paa lao ni pana. Asubuhi moja, mvua imekata, Filomena akatoka na ndoo yake akaitupa kwa upande wa Kuzma, na mimi niliyekuwa nafagia kichochoro nilisikia ndoo ikigonga jiwe. Si maji. Jiwe. Akaivuta, akaenda upande wa Bartul, akaitupa tena, ikagonga tena.

Ndugu wakatoka na kurunzi. Kila mmoja akainama kwenye nusu yake ya mdomo, vipara viwili vimepangana kama mayai, bati katikati.

"Ufa uko kwako," Kuzma alisema.

"Unaanzia kwako."

"Kwangu ni mwembamba. Kwako umefunguka."

"Unapita chini ya ukuta, Kuzma. Pale penye nondo. Umetokea huku na huku."

"Basi bomoa ukuta tuzibe."

"Nibomoe mimi? Ukuta ni wa nusu kwa nusu."

"Bomoa nusu yako."

"Ukuta unabomolewaje nusu, wewe? Ukibomolewa umebomoka wote. Utakuwa umebomolewa wako bure."

"Na wewe wako bure nikibomoa mimi."

Nikaweka ufagio chini. Mambo mengine lazima uyasikilize ukiwa umesimama wima. Maji yote ya paa lile, maji ya kupikia, ya kuogea, ya nyanya na ya wageni, yalikuwa yameteremka mwambani usiku na mchana wakati wao wamelala, na sasa walikuwa wanabishana nani atamfaidisha mwenzake akilizuia hilo.

Filomena aliwaita kwa majina yao, kama alivyofanya walipokuwa wadogo.

"Sina maneno mengi," alisema. "Niliingia nyumba hii nikiwa na miaka kumi na tisa. Nataka ninywe maji ya paa langu mpaka nife, na nikifa nioshwe kwa hayo hayo, nitolewe kwa mlango mmoja. Basi. Ni kitu kikubwa hicho?"

"Mwambie Bartul, mama," Kuzma alisema.

"Mwambie Kuzma," Bartul alisema.

Alichukua ndoo yake tupu akaingia ndani. Nilikasirika, na kama si umri wangu ningeruka ule ukuta wa ua niwagonganishe vichwa.

Siku iliyofuata alivuka kichochoro. Mkono mmoja alikuwa na kiti, mkono mwingine ndoo, na ndani ya ndoo, kwenye maji kidogo ya matope, mkunga amejikunja mara tatu.

"Alikuwa anahema kwenye tope," aliniambia. "Palmina, una nafasi?"

"Ya nani?"

"Ya wote wawili."

Nikammimina mkunga kisimani kwangu. Wangu alikuwa amekufa kiangazi, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Filomena nikampa chumba cha dirisha la kichochoroni, kwa sababu alikitaka mwenyewe. Alitaka kuliona paa lake.

Aliishi kwangu miezi ile ya baridi, na sidanganyi nikisema ilikuwa miezi mizuri. Alikuwa mkali kama siki. Maji ya bomba hakuyagusa. Alisema yananuka hospitali. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa uzee, mpaka aliponifanya nipike dengu kwenye sufuria mbili, moja ya bomba, moja ya mvua. Zile za mvua zikaiva zikalainika kama siagi. Za bomba ungeweza kuzitia kwenye kombeo. Aliosha nywele zake kwa mvua na sabuni ya mafuta ya zeituni, zikawa laini kama za mtoto, akanilazimisha nizishike. Divai yake aliichanganya na mvua pia, nusu glasi, akasema mtu anayetia maji ya bomba kwenye divai afungwe. Birika langu la kahawa, ambalo miaka yote lilikuwa na ugaga mweupe ndani, liling'aa.

Huko ng'ambo Bartul alitundika kibao mlangoni kwake kwa ajili ya wageni wa mwaka mpya, kwa lugha nne, na picha ya tone lililochorwa macho na tabasamu: Nyumba ya asili. Tunaoga mvua. Mvua ni zawadi, tuitunze. Huku mabafu yake yakitoa maji ya bomba. Kijiji kizima kilikuja kukisoma kibao kile kama watu wanaokwenda kuona nyangumi aliyekwama ufukweni. Kuzma, ili asipitwe, akaandika kwa chokaa kwenye mlango wake: Na hapa pia.

Siku ya Mtakatifu Nikola, ambapo kila mtu humpelekea mwenziwe zawadi, walikuja kumwona mama yao. Hawakuja pamoja, lakini kila mmoja alikuwa amemvizia mwenzake atoke, kwa hiyo wakagongana mlangoni kwangu. Kuzma alikuwa na jagi la maji ya bomba, ameyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Bartul alikuwa na chupa za dukani, maji ya mlima fulani wenye theluji. Wakaviweka mezani mbele yake.

"Haya hayanuki, mama," Kuzma alisema. "Nimeyachemsha mwenyewe."

"Haya yanatoka kwenye barafu," Bartul alisema. "Wageni wangu wanayapenda."

"Rudi nyumbani, mama. Watu wanasema."

"Kwangu sasa nimeweka na joto la umeme."

Filomena aliwatazama. "Na ukuta?" aliuliza.

"Ukuta upo," Kuzma alisema.

"Umeshika vizuri sana," Bartul alisema. "Kwa kweli yule fundi alijua kazi."

Alinyanyuka polepole, akachukua jagi, akalimwaga lote kwenye chungu cha mmea wa rozimari dirishani. Kisha akafungua chupa moja ya Bartul, akamwaga na hiyo. Maji yakafurika kwenye kisahani, yakateremka ukutani mpaka sakafuni.

"Palmina, mwanangu," akaniambia, "naomba glasi ya yale yetu."

Nilimletea. Alikunywa yote bila kupumzika, wao wakimtazama, kisha akawauliza kama wana jambo jingine.

Alikufa mwezi wa Februari, asubuhi, mvua ikinyesha. Hakuugua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani akilitazama paa lake, akaniambia chokaa inahitaji kupakwa upya upande wa kaskazini. Nilikwenda kuzima jiko, na niliporudi alikuwa amekwisha.

Nililia, na nilipomaliza kulia nikachukua ndoo mbili. Nikavuka kichochoro. Gata yao ilikuwa bado inamimina mvua yote kwenye kile kisima kisichoshika, upande huu na upande ule, kama mtu anayemlisha maiti. Nikachomoa bomba la Kuzma, nikaweka ndoo. Nikachomoa la Bartul, nikaweka ndoo. Bartul alifungua dirisha akaniuliza nafanya nini na maji yake. Nikamwambia mama yake amekufa. Akafunga dirisha.

Nilimwosha kwa mvua ya paa lake, pamoja na mwanamke mmoja jirani. Hilo alilipata. Nywele tulizichana zikiwa bado laini.

Sasa sikilizeni watoto wake. Jeneza huagizwa mjini, bara, nalo huja na meli. Kuzma akapiga simu. Bartul akapiga simu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, maana kuuliza ni kusema neno la kwanza, na neno la kwanza lilikuwa limekwisha kugawanywa nusu kwa nusu zamani. Upepo ulitulia siku ya pili, meli ikatia nanga, na vijana wa mzigo wakapanda kijijini wakibeba jeneza moja, kisha wakarudi wakapanda na la pili. Wakayaweka kichochoroni, moja nyuma ya jingine. Mkubwa wao akavua kofia.

"Pole sana, mama," aliniambia kwa sauti ya chini. "Maiti ni wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

Aliyatazama majeneza, akanitazama mimi, akavaa kofia yake.

Ugomvi ulikuwa tayari umeanza. La Kuzma lilikuwa na msalaba mkubwa, la Bartul lilikuwa na vishikio vya shaba, na kila mmoja alikuwa anaeleza kwa nini mama angependa la kwake. Kisha likaja suala la mlango. Kuzma alisema baridi ni zamu yake, kwa hiyo atoke kwa mlango wa Kuzma. Bartul alisema baridi imekaribia kwisha. Padri Grgur, ambaye ni mtu mpole na anaogopa ugomvi kuliko dhambi, alifika akasikiliza mpaka mwavuli wake ukavuja. Mwishowe akasema litumike jeneza lililo karibu na mlango wangu. Lilikuwa la Bartul. Nikamweka mimi na wanawake wenzangu, na Filomena akatolewa kwa mlango wangu, mlango mmoja, kama alivyotaka, ila haukuwa wa kwake. Nilitembea mbele ya wanawe wote wawili mpaka makaburini na hakuna aliyethubutu kunipita.

Jeneza la Kuzma likabaki. Muuzaji hakutaka kulirudisha. Kuzma alisema ni la mama, na gharama ya mama ni nusu kwa nusu, kwa hiyo Bartul atoe nusu. Bartul alisema yeye la kwake lilitumika na hakudai kitu. Wakaliacha uani, juu ya mawe mawili, jiwe moja kwa Kuzma na jiwe moja kwa Bartul, juu kabisa ya kisima kikavu. Mfuniko Kuzma akaingia nao ndani, ili Bartul asije akaliuza zima.

Majeneza yetu, kwa kuwa tunazikwa kwenye makaburi ya mawe ya ukoo, hutandikwa bati ndani, limechomelewa pembe zote. Halivuji. Mwezi wa Machi mvua ilinyesha siku mfululizo, na niliona kwa macho yangu jinsi lilivyojaa, mpaka ukingoni, maji maangavu unaweza kuona msumari chini. Katika nyumba ile nzima, chini ya lile paa pana, hakukuwa na chombo kingine kilichoshika tone.

Asubuhi ilipopambazuka na jua nilikuwa dirishani na kahawa yangu. Kuzma akatoka na kopo. Akatazama kushoto na kulia, akainama, akachota jenezani, akaenda kumwagilia miche yake ya nyanya aliyoiweka juani ukutani. Akarudi akachota tena. Bartul akafungua dirisha lake la juu, akamtazama kwa muda, kisha akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nusu ya maji yale ni yake.